Kanga, Malaika na Nyota: Mapambo ya Krismasi ya Kuchonga kwa Mkono Ndani ya Siku Mbili

Kanga wangu wa kwanza alikatika shingo Jumamosi moja saa kumi jioni, nikiwa nimebakiza kumpiga msasa tu. Kipimo kilikuwa sawa na mti ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa mchoro: niliuweka juu ya kipande bila kuangalia nyuzi za mti zinaelekea wapi, zikapita shingoni kwa upande, fupi fupi kama ukindu uliokatwakatwa. Shingo nyembamba ya namna hiyo haihitaji nguvu kuvunjika, inasubiri kisingizio tu.

Kazi inayonipa ugali ni ya mezani, hesabu na makaratasi. Kuchonga ni kwa wikendi, barazani, na kila ikifika Desemba natengeneza mapambo ya kutundika kwenye tawi la mvinje sebuleni. Mwongozo huu ni wa mtu wa aina yangu, asiye na karakana wala mashine, mwenye siku mbili na hamu ya kujaribu. Ukifuata hatua zake, Jumapili jioni utakuwa na vitu vitatu: kanga, malaika na nyota. Vitatu vinatosha. Ukipanga kumi, utamaliza viwili na kidole chenye plasta.

Ijumaa jioni: mti

Hapa kwetu ukitaja kuchonga, watu wanawaza mpingo. Uache kwanza. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama, na kisu cha mkononi huteleza juu yake kama juu ya chupa. Wachongaji wa Kimakonde huanza na tezo, ndipo patasi na tupa zinafuata, tena kwa mikono iliyozoea kazi hiyo tangu ujana. Vumbi lake nalo huwawasha baadhi ya watu ngozi na pua.

Kwa kisu kimoja na mkono mgeni, tafuta mjakaranda. Ni mwepesi, mweupe wa maziwa, na unakubali kisu kutoka karibu kila upande. Mwarobaini ni mgumu kidogo ila una sifa ya kutopendwa na wadudu. Mfenesi una rangi ya manjano nzuri kiasi kwamba nyota yake haihitaji kupakwa kitu. Hata wachongaji wa Kenya, baada ya muhuhu waliouzoea kuadimika msituni, walihamia kwenye mjakaranda, mwarobaini na mwembe, kwa hiyo usidhani unafanya kazi ya kitoto na mti wa kitoto. Mwembe una tahadhari yake: ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake ukiwa mbichi huwatoa wengine vipele. Mtiki utakumalizia makali kabla ya chakula cha mchana. Paini ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote na ndiyo inayokatisha tamaa kuliko zote, maana ina mistari migumu na laini inayopishana. Kisu kinakwama kwenye mmoja na kuzama kwenye mwingine.

Huna haja ya kununua ubao. Seremala yeyote ana rundo la mabaki pembeni, na kwa Dar es Salaam ukizunguka Keko kwenye mafundi wa fenicha utaondoka na mfuko umejaa. Mwambie ukweli kwamba unachonga vitu vidogo, mpe ya soda. Njia nyingine ni tawi lililopogolewa mtaani. Tawi lipasue katikati kwanza ili uutoe ule moyo wa mti, kwa sababu kipande chenye moyo ndani kitapasuka kikikauka hata ukichonge vizuri namna gani. Mti mbichi hukatika kama siagi lakini hujikunja baadaye. Kwa kazi ya siku mbili nachukua uliokauka, ambao ukiubonyeza kwa ukucha unabaki na alama hafifu. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga mwembamba, kirudishe kipande hicho kwenye rundo. Kuna mdudu ndani, na ukimpeleka nyumbani atahamia kwenye kabati.

Ijumaa jioni bado: kunoa

Sehemu hii watu huiruka. Mimi niliiruka mwaka mzima.

Siku moja nilimpelekea mzee mmoja mchongaji pale Mwenge ndege wangu, anieleze kwa nini kila nilipopita na kisu pamebaki manyoya manyoya. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Ndege hakumtazama. Alikichukua kisu changu, akakigusisha kwenye ukucha wake wa dole gumba, akanirudishia.

"Hiki hakikati, mwanangu. Kinatafuna."

Kisu kinachofaa ni kifupi: ubawa wake usizidi urefu wa kidole cha shahada, na mpini wake ujaze kiganja. Cha kwangu nilikitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikakifunga mpini wa mfenesi. Kisu kidogo cha jikoni chenye chuma kigumu kinaweza kuanzia kazi. Jiwe la kunolea liwe la pande mbili, wa kukwaruza na wa laini. Kama ni la maji, liloweke dakika kumi.

Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa sarafu. Kishikilie hapo hapo. Sukuma makali yakitangulia, kama unataka kukata utando mwembamba juu ya jiwe, mara kumi na tano upande mmoja. Sasa papasa upande wa pili kwa kidole, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wake. Utahisi kiukingo kinachokwaruza. Huo ndio ushahidi kwamba chuma kimeliwa hadi mwisho. Kama hakipo urefu wote wa kisu, hujafika, endelea. Kikipatikana geuza kisu, fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha rudia yote kwenye upande laini wa jiwe kwa mkono mwepesi.

Halafu ngozi. Mkanda wa zamani wa suruali, wa ngozi ya kweli, gundisha kwenye ubao upande wake wa ndani ukiwa juu, uupake dawa ya kung'arishia shaba. Hapa kisu hakisukumwi, kinavutwa nyuma, mgongo ukitangulia, mara thelathini kila upande. Ukisukuma utaikata ngozi.

Jaribio la mwisho ni kukata kichwa cha kipande laini, yaani pale nyuzi zilipokatwa na msumeno zikabaki zinakutazama. Kisu kikali kitaacha uso unaong'aa kama uliopigwa vanishi. Ukiona mstari mweupe unaofuata njia ya kisu, makali yana pengo mahali fulani. Rudi kwenye jiwe. Kesho, kila nusu saa, pitisha kisu kwenye ngozi mara kumi hata kama huoni haja.

Vingine vya kuandaa usiku huu ni msumeno mdogo wa meno membamba, keekee ya mkono au ya umeme yenye biti ya milimita 2, msasa namba 180 na 240, penseli, gundi nyeupe ya mbao, na plasta kwenye mfuko wa shati, si kabatini. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa vidole viwili, ukivae kwenye dole gumba la mkono wa kisu. Ngao hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Jumamosi asubuhi: kanga

Kata kipande chenye urefu wa sentimita 7, kimo 4.5 na unene 3. Nyuzi ziende kwa urefu, kutoka mdomo hadi mkia. Kabla ya penseli kugusa mti, jiulize sehemu gani ya umbo ni nyembamba, kwa sababu nyuzi lazima zipite ndani yake kwa urefu wake. Kwa ndege jibu ni shingo, na shingo ya kanga husimama, maana yake inakatiza nyuzi. Ndipo wangu alipokatikia. Dawa ni kumchora akiwa amejikunyata, kichwa kimesogea mbele na shingo imelala kiasi, nene kama kidole chako kidogo. Kanga mwenyewe anakurahisishia: mwili kama boga, kichwa kidogo, mkia umeinama. Miguu hana, maana ataning'inia.

Chora umbo la ubavuni pande zote mbili za kipande. Kwa msumeno, kata chini ya kidevu na nyuma ya kisogo hadi karibu na mstari, ili kisu kikifika hapo kiwe na mahali pa kusimama. Kisha anza kupunguza.

Mikato ni mitatu tu. Wa kwanza ni wa kusukuma: mkono wa kisu unakishikilia kisu, na dole gumba la mkono ulioshika mti ndilo linalosukuma mgongo wake. Ni mkato wa nguvu kidogo na adabu nyingi, kisu hakiwezi kwenda mbali. Wa pili ni wa kuvuta kuelekea kwako, ule ule wa muuza machungwa anapomenya: dole gumba linaegemea mti, vidole vinne vinafunga kama ngumi, kisu kinakuja. Hapa ndipo ule mpira unapolipa gharama yake. Wa tatu ni wa kuzuia: unasimamisha ncha ya kisu juu ya mstari, unazamisha milimita 2, kisha unakuja kwa ulalo kutoka pembeni na kibanzi kinaruka chenyewe. Kidevu na mkunjo wa bawa vinatokana na huo wa tatu.

Kanuni ya nyuzi ni hii: chonga ukishuka. Mgongo wa kanga una kilima katikati. Kutoka kilimani kwenda mkiani unashuka, na kutoka kilimani kwenda shingoni unashuka, kwa hiyo unageuza kipande, hupiti moja kwa moja toka mkiani hadi shingoni. Ukipanda, kisu kitazama chini ya nyuzi na kung'oa kipande ambacho hukukiomba. Sikio litakwambia mapema: mkato mzuri unanong'ona, mbaya unatatarika. Ukisikia mtatariko simama, geuza mti.

Umbo la ubavuni likitimia, chora mstari wa katikati unaozunguka kutoka mdomoni, juu ya mgongo, hadi mkiani na kurudi tumboni. Kila ukiufuta kwa kisu, uchore tena. Bila mstari huu ndege atageuka kupogo bila wewe kujua, na utagundua ukiwa huna tena mti wa kusahihishia. Sasa mtazame kwa juu, punguza mbavu kuelekea mdomo na mkia. Hapo ana pembe nne. Kata kila pembe upate nane, kata tena zipatikane kumi na sita, na kabla hujajua ni duara.

Sehemu ngumu, kama pale nyuzi zinapokutazama kifuani, zipake spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Subiri dakika moja, mti unalegea. Mdomo na ile pembe ndogo ya utosini viache mwisho kabisa, kwa sababu ukivimaliza mapema utavishika vibaya ukichonga kwingine na vitakwenda zake.

Jumamosi mchana: malaika

Kula kwanza. Mkono wenye njaa unaharakisha.

Malaika ni kijiti cha sentimita 8 kwa 2.5 kwa 2.5, nyuzi zikisimama. Weka alama sentimita 2 kutoka juu, zungusha mkato wa kuzuia, na uje kwa ulalo kutoka juu na chini hadi shingo ibaki na unene wa penseli. Kichwa kizungushe kama gololi kubwa. Chini acha kanzu ipanuke. Pembe za kanzu zichonge kwa mikato mirefu ya kusukuma na usizipige msasa. Zile bapa za kisu zikishika mwanga wa taa zinafanana na mikunjo ya nguo, na hakuna msasa unaoweza kukupa hilo. Uso sichongi. Kila niliyejaribu kumpa pua alitoka amekasirika.

Mabawa ndiyo yanayowashinda wengi. Ukiyachonga kutoka kwenye kijiti kile kile, nyuzi zinayapita kwa upande na yatavunjika kwenye sanduku kabla ya mwaka kuisha. Yatengeneze pembeni. Chukua kipande chenye nyuzi zilizonyooka, urefu sentimita 5, usimamishe kisu kichwani mwake na ugonge mgongo wa kisu kwa rungu dogo. Kitapasuka kifuate nyuzi kama kuni. Usitumie msumeno hapa, kwa sababu msumeno hauheshimu nyuzi, unazikata popote. Mpasuko unakupa bawa jembamba la milimita 3 ambalo halivunjiki ovyo. Kwenye milima ya Erzgebirge huko Ujerumani, katika kijiji cha Seiffen, mafundi wana ustadi unaotegemea jambo hili hili: wanakereza pete ya mti ikiwa bado imeloa, kisha wanaipasua kama unavyokata keki, na kila kipande kinatoka tayari kina umbo la ng'ombe, farasi au kondoo.

Yape mabawa umbo la jani la mwembe, ukwangue mistari mitatu ya manyoya kwa ncha. Mgongoni mwa malaika chimba mifereji miwili ya ulalo, kina cha milimita 3, kwa mkato wa kuzuia kutoka pande zote mbili. Bawa likiingia kwa kubana kidogo, toa, tia gundi, rudisha. Mpira wa kufungia noti unatosha kushikilia. Uache usiku kucha.

Saa kumi na moja na nusu weka kisu chini. Kovu langu la kiganja cha kushoto ni la saa kumi na mbili na nusu, umeme umekatika, nikajiambia nimalizie sikio moja kwa tochi ya simu.

Jumapili

Nyota haina mambo mengi. Nyota ya pembe tano ni mtego, maana haiwezekani nyuzi zipite kwa urefu kwenye pembe zote tano. Chora ya pembe nne, yenye mkia mrefu chini kama ile ya Bethlehemu, kwenye ubao wa unene wa milimita 8. Mkia uende na nyuzi, pembe za kushoto na kulia ziwe fupi na nene shinani. Kata kwa msumeno, kisha kutoka kila ncha chora mstari hadi katikati na uchonge pande mbili zishuke kutoka kwenye mstari huo, uwe kama paa la nyumba. Kwa muda wa saa moja na nusu imekwisha.

Kwa kanga, piga msasa 180 halafu 240, mfute kwa kitambaa chenye unyevu, mwache akauke na umpitishe 240 tena kidogo, kwa kuwa maji husimamisha vinyuzi vilivyolala. Vaa barakoa, hasa kama ni mwarobaini.

Kuhusu rangi, wachongaji wengi hupaka dawa nyeusi ya viatu ili mti mweupe ufanane na mpingo. Inapendeza, lakini ina nta, na rangi yoyote utakayoweka juu yake itabanduka. Kanga anahitaji madoa, kwa hiyo mpake rangi ya maji nyeusi iliyozimuliwa hadi iwe kama chai ya rangi, mara mbili, nyuzi zionekane kwa chini. Ikikauka chukua kijiti cha meno, chovya ncha kwenye rangi nyeupe, na uguse. Usichore, gusa tu. Chovya mara moja kwa madoa matatu: la kwanza litakuwa kubwa, la pili la kati, la tatu dogo, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya aonekane hai. Macho yachome kwa ncha ya msumari uliopashwa moto jikoni, umeshikwa kwa koleo.

Kumalizia natumia nta ya nyuki na mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, fungu moja la nta kwa matatu ya mafuta. Yayeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo motoni moja kwa moja. Paka kidogo, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Vitambaa vilivyoloa mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo ya taka, kwani hujipasha joto vyenyewe wakati mafuta yanakauka na vinaweza kushika moto; vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji. Mafuta ya nazi watu wengi huyashauri, mimi siyataki hapa: hayakauki.

Kutundika kuna ujanja wake. Usitoboe katikati ya mgongo kwa kukisia. Chomeka pini kidogo mgongoni mwa kanga, mwinue kwa uzi, uone anainamisha wapi. Hamisha pini milimita chache mpaka akae sawa, ndipo utoboe hapo kwa biti ya milimita 2. Uzi wa katani uliosokotwa ndio unaopendeza kuliko utepe wa dukani. Malaika mtoboe utosini, nyota kwenye pembe ya juu, taratibu, ukiwa umeiwekea ubao chini.

Mvinje una matawi malegevu, hivyo kanga akizidi nusu ya uzito wa yai atalivuta tawi hadi sakafuni. Ukimwona mzito, toboa tumboni kwa biti nene na umpunguze ndani, hakuna atakayemchungulia. Na tawi lenyewe likate wiki ya mwisho, liweke kwenye ndoo ya mchanga wenye maji, kwa sababu likikaa sana linamwaga sindano zake zote kwenye zulia.

Sikukuu zikiisha, viringisha kila kimoja kwenye gazeti na uviweke kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Kama una shaka na mti uliotumia, vifunge kwanza kwenye mfuko wa nailoni na uviache kwenye friza wiki nzima, kisha mfuko ubaki umefungwa hadi vipate joto la chumba. Chini ya tumbo la kila kanga mimi huchoma tarakimu mbili za mwaka kwa ule ule msumari. Yule wa kwanza, aliyekatika shingo, nilimgundisha. Hutundikwa upande wa ukutani.